Mkondo C

Zamani nilibeba madaftari sitini na nane
kwenye mfuko wa sandarusi, toka shuleni mpaka chumbani kwangu Buza,
na mvua ya Machi ikinikuta njiani
jibu la huyu lilihamia kwa yule.
Sasa nabeba simu.
Natunga maswali kumi, natupa kiungo kwenye kundi la wazazi,
mashine inasahihisha kabla sijavua viatu.

Inasahihisha, ndiyo. Kusamehe haijui.
Swali la tisa: Ni gesi gani huumua unga wa maandazi?
Niliifunza jibu moja tu: kabonidayoksaidi.
Nasra akaandika kaboni dayoksaidi,
akaacha nafasi katikati kama mtu anayevuta pumzi.
Sifuri.
Kihwelo akaandika hewa ya ukaa, kama kitabu cha kaka yake kinavyosema.
Sifuri.
Mwingine, mjanja, akaandika gesi ya Mtwara.
Hapo tulikubaliana, mimi na mashine.

Majina nayo yana mambo yake.
Mtoto wa darasa la saba hana simu;
simu ni ya baba, ya mama, ya dada wa saluni.
Basi matokeo yanaingia hivi:
Mangi Vifaa vya Umeme, nane.
Fundi Friji Yombo, tatu.
Nakaa na rejista na kalamu
namtafuta mtoto nyuma ya kila duka.

Feruzi Mbonde alituma saa tatu usiku. Tano.
Simu ileile ikatuma tena
saa kumi na dakika hamsini, alfajiri.
Nikasema, huyu kaamka kuiba.
Nikafungua kwa hasira za mtu aliyelala vibaya,
umeme umekatika, feni imenuna.

Jina: Sikudhani Likungwa.
Mkondo (hapo niliweka nyota nyekundu,
A au B, usipojaza fomu haisogei):
alichagua B.
Saba kwa kumi.
Na kwenye swali la tisa,
katika mstari nilioupima kwa neno moja:

“Ile inayofanya unga unyanyue kitambaa.
Julai inachelewa mpaka nisogeze beseni karibu na jiko.
Hamira ikiwa ya zamani haiji kabisa.
Jina lake sikulifikia, mwalimu, niliishia la tano.”

Pembeni, alama nyekundu ya mashine.

Nilikaa nayo.
Miaka kumi na moja nafundisha huo mfano wa maandazi,
ubaoni, kwa chaki, mishale miwili,
na sijawahi kukanda hata nusu kilo.
Hiyo Julai haimo kwenye muhtasari wangu.
Nikafuta sifuri, nikaweka moja.
Mashine, kwa adabu zake zote, ikauliza kama nina hakika.
Nikabonyeza: ndiyo.
Kisha nikamrudia Nasra na pumzi yake,
Kihwelo na kitabu cha kaka yake.
Gesi ya Mtwara niliiacha palepale.

Jaribio la pili nililitunga Jumapili, bando likielekea ukingoni.
Pale kwenye mkondo, chini ya A na B,
nikaongeza C.
Sikueleza kitu kundini.
Feruzi naye sikumwambia; darasani alikuwa anachora treni.

Jumanne nikafungua matokeo nikiwa napiga mswaki.
Mkondo C: wanne.
Sikudhani.
Sikudhani Likungwa, wa kwanza, saa kumi na nusu.
Waliobaki siwajui;
mmoja jina lake ni Uji wa Ulezi kwa Mama Tausi.

Swali la nne wamekosa wote,
kosa lilelile, herufi kwa herufi.
Wametazamiana,
kama darasa lolote.